Nimesoma vitabu 11 vya watu waliokimbia kwao, sasa silali

Shikamoo mama,

Nina miaka 34, nimeolewa, nina mtoto mmoja, na ninatunza hesabu kwenye duka la pembejeo hapa Morogoro. Kwetu ni Muheza. Ninaandika kwa sababu mume wangu ndiye aliyeniambia nikuandikie, na yeye si mtu wa kusema ovyo.

Mama yangu alifariki miaka miwili iliyopita kwa presha. Msibani sikulia sana. Nilikuwa na kazi ya kupokea watu, kuhesabu sahani, kuangalia kama mchele unatosha. Baada ya arobaini nikarudi kazini, maisha yakaendelea. Kitu pekee nilichochukua ni kanga yake, ile ya "Wema hauozi". Nimeifunga kwenye mfuko wa plastiki, iko chini ya kitanda, sijaifua. Bado ina harufu ya mafuta ya nazi na moshi wa jikoni.

Mwaka jana baada ya Idi, mwenzangu wa kazini aliniazima kitabu alichonunua Dar kwa wauza vitabu vya mitumba. Mwandishi ni Mmarekani, Jeannette Walls, anasimulia utoto wake na baba mlevi aliyekuwa akiwaahidi kwamba atawajengea nyumba ya vioo. Kiingereza changu si cha kujivunia, nilikuwa nasoma na kamusi ya simu mkononi. Nilipofika pale watoto wanapojinyima miezi na miezi wakiweka pesa kwenye kibubu ili waweze kuondoka kwenda New York, halafu baba anakipasua na kuzichukua, nilikuwa ndani ya daladala. Nilishuka kituo ambacho si changu nikasimama tu. Baba yangu alichukua pesa za mchezo za mama, zamu yake, zilizokuwa za sare na ada yangu ya kidato cha kwanza. Mama akawaambia wenzake wa mchezo kwamba zimemdondoka sokoni. Walimcheka mwaka mzima kwa uzembe.

Tangu siku hiyo nimesoma vitabu 11 vya namna hiyo. Tara Westover, aliyekimbia wazazi wake na kaka mkatili kule Idaho. Joan Didion, aliyefiwa na mume. Yule mama wa Sri Lanka, Sonali Deraniyagala, aliyepoteza mume, watoto wawili na wazazi wake kwa tsunami. Nasoma kwenye simu usiku, mwanga nimeupunguza, nimejifunika shuka. Mume wangu alinikuta nalia saa tisa usiku. Nimeunguza maharage mara mbili wiki hii. Mwanangu ameniuliza, "Mama, unasoma vilio?"

Baba alikuwa dereva wa lori. Akifika njia panda alipiga honi mara mbili, na honi ikilia kila mtu alikuwa na kazi yake: kaka anazima redio, mimi naondoa viatu mlangoni, mama anajifunga kanga upya, mdogo wetu anabebwa haraka kupelekwa kwa jirani. Mengine sitayaandika. Mama angeweza kuondoka, alikuwa na kaka zake Korogwe wenye nyumba na shamba. Lakini hayo yamepita. Mimi niliondoka nikiwa na miaka 19 nikaenda chuo, sikurudi kukaa tena. Kaka yuko Mwanza, hapigi simu.

Siku hizi baba ni mtu wa msikitini. Anawasindikiza watoto wa majirani madrasa, anawagawia pipi. Watu wananiambia nina bahati ya mzee. Hajawahi kusema hata neno moja kuhusu yale. Mdogo wangu ndiye anayeishi naye. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, anaamka saa tisa usiku, kwa hiyo akishaswali Isha analala. Nilimpigia nikamweleza ninayosoma na jinsi yanavyofanana na ya kwetu. Akaniambia, "Dada, unamsema baba yupi? Hayo umeyasoma." Ni wiki tatu sipokei simu yake.

Mwezi ujao ni hitma ya mama. Shangazi amesema nisipokwenda nitakosa radhi, baba ni baba hata akiwa mkosefu. Mimi nimeandika ujumbe mrefu kwa baba, kama kurasa nne, kila kitu kimo. Bado haujatumwa. Nawaangalia hawa wote kwenye vitabu, waliondoka, wakakata, wakapata maisha yao.

Niache kusoma? Ujumbe niutume? Niende au nisiende?

Msomaji wa usiku, Morogoro

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kalamu nyekundu mkononi, ugonjwa wa walimu wastaafu. Kila jambo umelieleza likaonekana: kibubu, honi, viatu mlangoni. Jambo moja tu umelitaja na kulikimbia. "Mama angeweza kuondoka," kisha papo hapo, "lakini hayo yamepita." Hapo nimepiga mstari, na nitaparudia.

Kusoma usiache. Acha kusoma kitandani. Simu ikalale sebuleni, kitabu kisomwe mchana au jioni, umekaa kitako kwenye kiti, na mtoto akiuliza unasoma nini umwambie: nasoma habari za mtu aliyefiwa na mama yake, kama mimi nilivyofiwa na bibi yako. Atakuelewa kuliko unavyodhani.

Mume wako ana haki ya kuwa na wasiwasi, lakini mchawi wake simuoni kitabuni. Ulihesabu sahani msibani ukamaliza zote, kilio kikasubiri zamu yake. Kikaja ndani ya daladala.

Tena sishangai kwamba kilikuja kwa Kiingereza. Sisi kwetu, maandishi ya mambo ya ndani yana staha nyingi. Mwana Kupona wa Pate alimwachia binti yake utenzi mwaka 1858, na karibu wote ni mafunzo ya namna ya kukaa: kukaa na mume, kukaa na watu, kukaa na Mungu. Shaaban Robert, mtu wa Tanga kama wewe, aliandika maisha yake, na alimlilia mkewe Amina kwa shairi ambalo wengi wetu tulilikariri shuleni kabla hatujajua kufiwa ni nini. Vizuri vyote hivyo. Lakini binti anayetafuta kitabu kinachosema "nyumbani kwetu honi ikilia tulitetemeka" atahangaika sana kwenye rafu zetu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata zetu hazikuandika.

Ila mmoja aliandika, na alitoka hapa hapa Unguja. Sayyida Salme, binti wa Sultan Said bin Sultan, alizaliwa mwaka 1844. Wazungu wanamjua kama Emily Ruete. Baba yake alifia baharini mwaka 1856 akirudi kutoka Oman. Mama yake alichukuliwa na kipindupindu. Baada ya baba kuondoka ndugu wakagawanyika, huku Majid, kule Barghash, na yeye angali msichana mdogo akawa ndiye mwandishi wa barua za upande wa Barghash, kwa sababu alijua kuandika. Aliujifunza ujuzi huo kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Njama ya kumpindua Majid ikashindwa, jamaa wengine wakamsusa. Mwaka 1866 aliondoka usiku kwa meli ya Waingereza, na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani tumboni. Wakaoana Aden mwaka uliofuata, wakaenda Hamburg. Mwaka 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu, naye akabaki na watoto watatu wadogo kwenye mji wa baridi.

Zamani nilikuwa napeleka wanafunzi kwenye makumbusho ya kasri pale Mji Mkongwe, ambako kulikuwa na chumba chake. Mwaka mmoja msichana wa kidato cha pili aliniuliza, "Mwalimu, huyu aliondoka au alifukuzwa?" Nikamwambia asome maelezo ukutani. Lilikuwa jibu la mtu aliyechoka na jua la saa saba, na mpaka leo linaniuma, kwa sababu hilo ndilo swali.

Kitabu cha Salme kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1886. Piga hesabu, wewe ni mtu wa hesabu: miaka 20 tangu aondoke. Mwenyewe anasema kwenye utangulizi kwamba alianza kuandika miaka tisa nyuma, na hakuwa na nia ya kuchapisha. Alitaka watoto wake wajue mama yao ametoka wapi. Mwaka mmoja kabla ya kitabu kutoka alirudi Unguja, amefuatana na manowari za Wajerumani waliokuwa na haja zao wenyewe. Aliyekuwa amekalia kiti ni Barghash, yule yule ambaye Salme alimwandikia barua zake enzi za njama. Akakataa kumpokea. Salme alifariki Ujerumani mwaka 1924, akazikwa Hamburg pamoja na mchanga wa pwani ya Unguja aliokuwa ameuhifadhi miaka yote.

Mtu aliyekata hahifadhi mchanga. Unaniambia wote waliondoka, wakakata, wakapata maisha yao. Mwanangu, umesoma haraka, umesoma usiku. Huyo Walls wako wa kibubu, aliyetoroka nyumbani akiwa kijana, baadaye ndiye aliyemchukua mama yake akamweka kwenye shamba lake huko Virginia. Westover alitengana na wazazi, kweli, lakini hakukata wote. Baadhi ya ndugu zake na mama zake wadogo walibaki naye, na kitabu kinalisema hilo mwishoni. Didion aliandika ndani ya mwaka ule ule wa msiba. Mumewe alianguka mezani wakati wa chakula cha jioni tarehe 30 Desemba 2003, na mwisho wa 2004 kitabu kilikuwa kimekamilika. Kabla hakijafika madukani mwaka 2005, binti yao wa pekee naye akafariki. Hakubadilisha kitu. Kitabu kikabaki kimekwisha pale kilipokwisha, na yeye akaingia msiba mwingine ambao ilimbidi auandikie kitabu kingine. Kwa hiyo ukifika ukurasa wa mwisho usidhani umefika mwisho wa mtu. Umefika pale alipochoka kuandika.

Na kwenye hicho hicho cha Didion, umekumbuka viatu? Aligawa nguo za marehemu, viatu vikamshinda, kwa sababu moyoni alijua mumewe akirudi atavihitaji. Mwanamke msomi, mwandishi wa miaka arobaini, anasubiri maiti irudi ivae viatu. Kanga yako iko chini ya kitanda kwa kazi hiyo hiyo. Iache ikae. Siku utakayotaka kuifua utaifua.

Sasa ujumbe wako wa kurasa nne. Usiutume, na sababu yangu ya kwanza haina falsafa yoyote: watu wazima wa umri wa baba yako wengi wana kitochi. Kama naye ni hivyo, ujumbe huo utamfikia vipande vipande, kipande cha tatu kitatangulia cha kwanza, na atakayeitwa auketie na kuusoma kwa sauti ni mdogo wako. Hata angekuwa na simu kubwa, miwani ataitoa wapi saa hiyo? Mdogo wako ndiye atakayesoma. Je, hayo uliyoyaandika unataka ayasikie kwa namna hiyo, akiwa ndiye msomaji na baba amekaa pembeni anasikiliza?

Unakili kwenye daftari, kwa mkono. Mwaka 1986 Wamarekani wawili, James Pennebaker na Sandra Beall, walichapisha jaribio walilofanya na wanafunzi wa chuo. Waliwaketisha kuandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Waliotakiwa kuandika jambo lililowaumiza, lilivyotokea na walivyojisikia, walitoka pale na huzuni zaidi kuliko walivyoingia. Lakini miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Wengi wamerudia jaribio hilo tangu hapo, na nafuu inayoonekana kwa jumla ni ndogo, nisikudanganye. Hata hivyo dakika 15 ni chache kuliko usiku mzima wa kusoma ya Idaho. Andika ya Muheza. Salme alikaa na maandishi yake miaka tisa kabla mtu wa nje hajayaona. Wewe kaa nayo hata miezi mitatu. Ukishamaliza ukaona bado yapo ya kumwambia baba, yatakuwa yamebaki machache, na machache husemwa kwa mdomo.

Kuhusu mdogo wako. "Hayo umeyasoma." Neno hilo limekukata, naona, kwa sababu limekugusa pale unapojishuku mwenyewe: kwamba labda umeazima machungu ya watu. Hukuazima. Lakini rudi kwenye barua yako. Honi ikilia, kaka anazima redio, wewe unaondoa viatu, mama anajifunga kanga, na mdogo wenu anabebwa kupelekwa kwa jirani. Umeniandikia kwa mkono wako. Yeye hakuwepo, mwanangu. Nyinyi ndio mliohakikisha hayupo. Amekulia nyumbani kwa jirani, akala ubwabwa wa watu, akarudishwa amelala begani. Mlifanya kazi nzuri mno, na sasa unamkasirikia kwa sababu ilifaulu. Baba anayemjua ni huyu wa pipi na madrasa.

Westover alipoandika habari za ajali zilizowapata nyumbani, aliwauliza ndugu zake, na kumbukumbu hazikupatana: nani alikuwepo, nani alimbeba nani. Akayaacha maelezo yao ndani ya kitabu, kwenye tanbihi, bila kuyafuta ya kwake. Watu wengi huziruka tanbihi zile. Mimi naona ndipo penye heshima yote ya kitabu kile.

Kwa hiyo ukizungumza naye usimwambie baba alikuwa nani. Muulize yeye alikuwa wapi. Muulize nyumba ya jirani ilikuwaje, alilala kitanda gani, alikuwa akiambiwa nini akiuliza mama yuko wapi. Nakuhakikishia hakuna aliyewahi kumuuliza. Huenda naye ana daftari lake, halijaandikwa tu.

Haya, turudi kwa mama.

Wewe hutafuti ruhusa ya kuondoka. Uliondoka miaka 15 iliyopita, kwa begi na barua ya chuo. Vitabu 11, na ndani ya karibu kila kimoja kuna mtu anayevuka kizingiti, nawe unasoma ukimsubiri mtu mwingine kabisa avuke: mwanamke wa Muheza, watoto watatu, kaka zake wako Korogwe, basi la asubuhi linapita Segera. Kila ukifika mwisho hajavuka, unafungua kingine. Mlilie mama, lakini una hasira naye pia, na kwetu marehemu hasemwi, kwa hiyo hasira imekosa mahali pa kukaa, inakaa kwenye simu hadi saa tisa usiku. Tena nyuma ya hasira kuna lingine. Uliondoka ukamwacha ndani. Deraniyagala alipoliona wimbi, tarehe 26 Desemba 2004, mawimbi yale yale yaliyofika hadi pwani yetu na kuua watu wengi Somalia, alikimbia na mume na watoto. Hakusimama kugonga mlango wa chumba cha wazazi wake. Aliliandika hilo bila kujitetea. Aliandika pia kwamba baadaye, nyumba ya wazazi ilipopangishwa kwa familia ya Kiholanzi, alikuwa akiwapigia simu usiku kuwasumbua, kwa sababu tu wamethubutu kuishi mle. Umekisoma, umeyaona, na hukusema maskini mwanamke mbaya. Ulimhurumia. Basi huruma hiyo unajua kuitoa.

Kama unataka cha kumi na mbili, tafuta kumbukumbu za utoto za Ngũgĩ wa Thiong'o, zilizotoka mwaka 2010. Kina kile unachokitafuta: mama aliyeondoka. Mama yake alipigwa na mumewe, akakimbilia kwa baba yake. Aliondoka peke yake. Watoto walibaki kwenye boma la baba, hadi siku baba alipowajia wakiwa wanacheza na ndugu zao, yeye na mdogo wake, akawafukuza wamfuate mama yao. Soma vizuri sura hiyo, uone mama aliyeondoka alilipa nini, na watoto walilipa nini. Sisemi mama yako alifanya sawa kukaa. Sijui. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, ilishasema hakuna mwenye ndoa mwenye haki ya kumpiga mwenzake. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi ya mke nyumbani ni mchango katika mali. Yote hayo yalikuwepo, Dar es Salaam. Mama yako alikuwa na pesa za mchezo, na unajua zilikwenda wapi. Mwanamke anayeweza kuvumilia kuchekwa uzembe mwaka mzima ili wanawe wasisemwe kwamba baba yao ni mwizi, alikuwa anapiga hesabu zake ambazo hakukuonyesha. Huenda alizikosea. Una haki ya kumkasirikia na kumwombea rehema siku moja, hata kwenye dua moja.

Ndiyo maana nasema uende kwenye hitma. Ya shangazi na radhi yaweke kando. Radhi haikamatwi kwa tiketi ya basi. Nenda kwa sababu ni ya mama, na hujamlilia kwake. Nenda na mume wako, mtoto pia. Msilale kwa baba. Tafuteni kwa mama mdogo au kwa yule jirani, maana ana habari nyingi kuliko unavyojua. Panga saa ya kuondoka kabla hujafika, na mume aijue, asingoje umwambie. Safari hii usihesabu sahani. Mtu akikupa mwiko mwambie mkono unauma, ukae na wanaosoma. Baba ukimkuta msalimie kama unavyosalimia mzee yeyote wa msikitini. Hudaiwi zaidi ya hapo, na yeye akitaka kusema kitu, miaka 30 amekuwa na mdomo.

Ukirudi, kama usingizi bado haurudi, kama kula kunakushinda au mahesabu ya dukani yanaanza kukataa, usisubiri. Shirika la Afya Duniani siku hizi linautambua msiba uliopitiliza miezi sita na kumzuia mtu kufanya kazi zake kama jambo la kutibiwa. Hospitali ya rufaa ya mkoa ulizia kitengo cha afya ya akili, mwambie daktari kama ulivyoniambia mimi, pamoja na maharage.

Na simu ya mdogo wako, usingoje hitma. Umesema akishaswali Isha analala, na anaamka saa tisa. Saa tisa usiku wewe uko macho. Mpigie saa hiyo, yuko njiani kwenda kwenye mikate.